Minazi Sitini ya Takaungu

Nairobi
8 Januari 1984

Mpendwa dada Kadii,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama, na ule mguu uliokuwa ukivimba umepoa. Sisi huku hatujambo. Watoto wamerudi shule na wifi yako Waruguru anakusalimu, asema zile kashata za nazi ulizotufungia ziliisha kabla ya basi kufika Voi.

Dada, nilipokuja Krismasi sikutaka kusema mbele ya wageni, lakini nimeona niandike. Mwakani mwezi wa Juni unastaafu. Miaka ishirini na sita utakuwa umekaa kwenye simu za hoteli ukiwaunganisha Wajerumani na wake zao, na hoteli yenyewe haina pensheni. Kiinua mgongo watakachokupa hakitamaliza mwaka. Nilipokuuliza umeweka nini cha uzeeni, ulinyoosha kidole upande wa Takaungu ukasema, "Minazi."

Kazi yangu ni bima. Kila siku nakaa na watu wa mshahara kama wewe, makarani na walimu, nikiwapigia hesabu ya uzee wao, na hakuna hata mmoja aliyenitajia minazi. Mnazi uliosimama kwenye shamba la mtu mwingine si akiba, ni mazoea. Akiba ni kitu chenye karatasi. Sisi kazini tuna ushirika wetu wa akiba na mikopo, mimi nakatwa kila mwezi tangu 1974. Sasa tumeunda kamati ya viwanja, na mimi ndiye katibu wake. Tunatafuta ardhi yenye hati, kila mwanachama apate pa kujenga akistaafu. Watu wanajipanga, dada. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Usikasirike. Nasema kwa kuwa nakujali.

Mdogo wako akupendaye,
Katana


Malindi
22 Januari 1984

Mdogo wangu Katana,

Marahaba. Mguu haujapoa, na barua yako imeuongezea moto. Wasalimie Waruguru na watoto. Hao hawana kosa.

Naona bima imekufundisha kila kitu isipokuwa ulikotoka. Baba alipokufa, shamba la Ganze liligawanywa kwa wana wa kiume. Wewe ulipata fungu lako, ukaliuza ukanunua gari. Mimi niliambiwa shamba langu liko kwa mume. Mume alipofariki, ndugu zake wakaniambia shamba langu liko kwa baba. Nikakaa katikati hapo, Katana, na simu masikioni. Kwetu mwanamke hapewi shamba, lakini hakuna aliyewahi kumkataza kununua mnazi.

Miaka kumi na miwili niliweka kidogo kidogo, na Desemba 1971 nikanunua minazi sitini kwa mzee Mwambire, Takaungu, upande wa hori, ule mkono wa bahari. Shamba lake, minazi yangu. Unajua desturi, hata shamba liuzwe mara tatu mnazi una mwenyewe, na mwenyewe ana njia ya kuufikia. Au umesahau? Ulikuwepo. Ulikuwa umemaliza Fomu Foo, ukanisindikiza. Mzee Mapenzi alikuwa shahidi wangu wa kwanza, wewe wa pili. Mlikunywa ile kadzama niliyoitoa, mtungi wa tembo la mnazi, ili mashahidi wasisahau, na wewe ukanywa sana. Kisha ukachukua shoka ukakata alama mbili kwenye kila shina, yote sitini. Na mbata za minazi hiyo ndizo zilizokulipia chuo. Mnazi haustaafu, bwana bima. Huo ndio utakaonilisha mimi miaka hamsini na mitano ikitimia.

Mwambire, Mungu amrehemu, alifariki mwaka jana. Mwanawe Kombe ana madeni ya hospitali na ya matanga, na nasikia anataka kuuza shamba lote. Mimi halinitishi. Auze.

Dada yako,
Kadii


Nairobi
19 Februari 1984

Mpendwa dada,

Shikamoo sana. Hujambo na mguu? Nimekutumia doti ya kanga kwa mkono wa dereva wa Malindi, nadhani rangi utaipenda.

Nimesoma habari za minazi yako sitini na za shamba la Kombe, nami nakuomba radhi kwa maneno yangu. Alama nazikumbuka, mikono ilitoka malengelenge. Kweli mtu husahau.

Hivi, shamba lenyewe ni ekari ngapi? Lina hati? Gari linafika? Kuna mtu hapa kazini ananiuliza habari za pwani.

Mdogo wako,
Katana


Malindi
3 Machi 1984

Mdogo wangu,

Marahaba. Kanga nimeipokea, nimeivaa kanisani Jumapili na watu wamekusifu. Nimefurahi kwamba umeanza kuuliza habari za kwetu.

Ni ekari kumi na moja. Hati ipo, Kombe alishaibadilisha kwa jina lake. Gari hufika hadi dukani, na kiangazi hufika mpaka shambani kwenyewe. Upepo mzuri, maji ya kisima si ya chumvi. Bei hajui Kombe mwenyewe, anataka tu wa kumtoa kwenye madeni. Lakini mwambie huyo mtu wako mapema kwamba minazi si ya shamba, asije akalia baadaye.

Njooni Pasaka.

Dada yako akupendaye,
Kadii


Malindi
12 Agosti 1985

Katana,

Salamu utapewa na wengine.

Nilistaafu tarehe thelathini Juni. Walinipa bahasha, saa ya ukutani na keki. Wewe hukuandika, nikasema ana kazi nyingi. Mwaka mzima na zaidi hukuandika, nikasema hivyo hivyo.

Ijumaa nilimchukua mkwezi, tukavuka feri ya Kilifi, tukaenda Takaungu kuangua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuangua nikiwa si mfanyakazi wa mtu. Nilivaa kanga yako. Nilipokaribia nilidhani nimepotea njia, kwa sababu niliiona bahari kabla ya kuifikia. Kutoka dukani bahari haikuwa ikionekana, minazi iliizuia.

Wamekata thelathini na minane. Nimehesabu visiki kimoja kimoja, na mkwezi akahesabu nyuma yangu. Vingine bado vinatoa maji. Misumeno ya petroli ilikuwa imepumzika kwa sababu ya swala ya Ijumaa, ndiyo maana ishirini na miwili ilikuwa bado imesimama. Nazi changa zimemwagika chini zinakanyagwa. Nikakaa juu ya kisiki, mimi mtu mzima, nikalia mbele ya vibarua.

Msimamizi alinionyesha karatasi zake bila ubaya. Ya kwanza ilikuwa amri ya kusafisha shamba. Sahihi ya chini ninaijua, niliilipia ada ijifunze kuandika. "Katana Kaingu, Katibu, Kamati ya Viwanja." Ya pili ilikuwa ramani. Kiwanja namba moja, cha kona, kinachotazama hori, kimeandikwa jina lako. Asema ulipewa bure kwa kuwa wewe ndiye uliyelipata shamba.

Ulilipata wapi, Katana? Ulilipata kwenye barua yangu.

Nikaenda kwa Kombe. Aliapa kwamba alikwambia minazi ni ya Kadii, nawe ukamjibu, "Hayo ni mambo ya nyumbani, nitayamaliza na dada." Umeyamaliza. Nimepiga simu ofisini kwako mara tatu. Msichana wako anasema umetoka. Miaka ishirini na sita nimeishi na simu, ninajua sauti ya mkono unapofunika kisemeo ili mtu aulizwe, "Nimwambie upo?"

Kadii binti Kaingu


Nairobi
24 Agosti 1985

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, na nakiri imeniuma, lakini na wewe nisome mimi kwa utulivu.

Kisheria hakuna kosa lililofanyika. Ushirika umenunua ardhi yenye hati safi, na hati haitaji minazi ya mtu. Wanachama mia moja na arobaini wameweka humo jasho lao, watu wa mishahara kama ulivyokuwa wewe. Singeweza kusimama mbele ya kamati niwaambie watu wa bara kwamba kwetu udongo una mwenyewe na mti una mwenyewe. Wangecheka. Wangesema Wagiriama ndivyo walivyo.

Nilitaka kukueleza. Nilikuwa nangoja ustaafu, nije mwenyewe nikuonyeshe ramani. Nyumba nitakayojenga pale kwenye kona ina chumba chako, na dirisha lake linatazama hori. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na Mungu ni shahidi. Ningekuambia mapema ungepiga kelele na mpango wote ungevunjika.

Naambatisha hundi ya shilingi elfu nne. Ni zaidi ya bei uliyonunulia.

Mdogo wako,
Katana


Malindi
2 Septemba 1985

Katana,

Hundi yako hii hapa, nimeirudisha bila kuikunja. Umenikatia minazi ili unipe chumba, na chumbani nikae nikikungoja uniletee sabuni. Ungenizika mzima na kusema umenijengea.

Bei niliyonunulia usinitajie. Wewe mtu wa bima, wewe uliyenifundisha kwamba pesa huzaa. Mnazi ule ulikuwa na miaka arobaini mbele yake, na mimi nina ishirini nikijaliwa. Piga hesabu hiyo, maana za walimu na makarani unaziweza.

Na Mungu usimfanye shahidi. Shahidi ni wewe. Nimeshtaki kwa D.O., afisa wa tarafa wa Kilifi, na baraza la wazee litakaa Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, saa nne. Ushirika wenu umeitwa. Wazee wameniuliza jambo moja tu: nani aliona ukinunua? Mwambire amekufa. Mzee Mapenzi alikufa 1979. Kombe alikuwa Mombasa wakati ule. Aliyebaki duniani ni mtu mmoja, aliyekunywa kadzama na kukata alama kwa mkono wake.

Sikuombi pesa wala chumba. Nakuomba uje useme ulichokiona, maneno kumi, kisha urudi kwa watu wako. Usipokuja, hata hii ishirini na miwili itakatwa, na mimi nitaanza kuomba chumvi kwa majirani nikiwa na saa nzuri ukutani.

Kadii


SIMU YA MAANDISHI
Nairobi, 8 Oktoba 1985

SITAWEZA KUJA ALHAMISI. MKUTANO WA KAMATI. NIKITOA USHAHIDI DHIDI YA USHIRIKA NITAPOTEZA AKIBA YA MIAKA KUMI NA MMOJA. NINA WATOTO. NIELEWE DADA. KATANA


Malindi
14 Oktoba 1985

Katana,

Simu yako niliipata. Hata tusi lingenikalia vyema kuliko hiyo.

Sasa sikiliza yaliyotokea Alhamisi. Mkutano wa kamati uliouandika haukuwepo, kwa sababu mwenyekiti wako Ndirangu alikuwa Kilifi amekaa mbele yangu na wakili wake. Ni mtu wa heshima, alinipisha kiti. Wakili akasema maneno yale yale ya barua yako, hati safi, hati haitaji minazi. Mzee mmoja akamuuliza kama hati inataja kisima, na kama haikitaji, je, kisima hakipo? Watu wakacheka, lakini D.O. akasema kucheka si ushahidi. Akaniuliza, mama, shahidi wako yuko wapi?

Nikasema, mdogo wangu hakuja, lakini aliwahi kuniandikia.

Unakumbuka bati la biskuti lililokuwa juu ya kabati langu? Hujawahi kuniuliza mna nini. Mna barua zako zote, Katana, tangu ulipokwenda chuo. Nilikuwa nazisoma jioni za mvua. Uliniambia mali bila daftari hupotea bila habari, nami sikujua kwamba daftari ninalo.

Nikawapa ya Februari 1973. Karani akaisoma kwa sauti. "Dada, pesa za mbata zimefika na ada imelipwa. Kila nikikaa darasani nakumbuka minazi yako sitini kwa Mwambire na zile alama nilizozikata, nasema sitausahau wema huu." Kisha nikawapa ya Februari 1984, ile ya kanga. "Nimesoma habari za minazi yako sitini na za shamba la Kombe. Alama nazikumbuka." Na chini yake, ni ekari ngapi, lina hati, gari linafika.

Ndirangu aliiomba barua hiyo. Akaisoma mara mbili, akatazama tarehe, akaitazama sahihi. Hakuniuliza kitu. Alimuuliza wakili wake, "Kwa hiyo huyu alijua kabla hatujanunua?" Wakili akafunga faili lake.

Wazee walikwenda Takaungu kuziona alama kwenye miti iliyosimama. Zimenenepa lakini zipo. Wameamua hivi. Minazi ishirini na miwili ni yangu mpaka ife yenyewe, na njia ya kuifikia ni yangu. Ile iliyokatwa, ushirika utanilipa mavuno ya miaka kumi kwa kila kisiki. D.O. ametia muhuri.

Nimeshinda, na tangu Alhamisi sijapata hamu ya kula. Nilikuzoeza vibaya. Ulipokuwa na shida mimi nilikuwa na mnazi, nikadhani ndugu ndivyo wanavyokaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi mimi.

Kadii


Nairobi
19 Januari 1986

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Umenimaliza. Barua nilizokuandikia kama ndugu umezisoma mbele ya makarani. Kamati imeniondoa ukatibu. Ile fidia yako yote imekatwa kwenye akiba yangu, miaka kumi na mmoja, imekwisha, na bado nadaiwa. Waruguru haniongeleshi. Kazini wananiita "Mwanasheria wa Nazi." Ulikuwa na haki yako, sawa, lakini haki gani inayomfilisi mdogo wako wa tumbo moja? Mama angekuwa hai angekuuliza.

Kiwanja cha kona tu ndicho wameniachia, kwa sababu hakuna anayekitaka. Nimetafuta mnunuzi tangu Novemba. Wa kwanza alikwenda kukiona, akakuta mkwezi wako juu ya mti, akarudi. Kumbe katika ile minazi ishirini na miwili, tisa iko ndani ya kiwanja changu. Katikati kabisa, pale pa sebule. Siwezi kujenga, siwezi kuuza.

Wakili amenitayarishia fomu, nimeiambatisha. Ni sahihi yako tu inayotakiwa chini, kwamba umekubali minazi tisa iondolewe. Utabaki na kumi na mitatu na fidia yote. Nitakapouza nitakupa sehemu. Nakuomba kama mdogo wako, tia sahihi uirudishe kwa posta. Bahasha yenye stempu nimeiweka ndani.

Katana


Malindi
9 Februari 1986

Mdogo wangu Katana,

Marahaba. Mguu wangu umepoa.

Mama angeniuliza, ndiyo. Angeanza na wewe, maana angetaka kujua mbona hukwenda Kilifi.

Fidia ililipwa mwezi uliopita. Nimenunua minazi thelathini kwa mtu wa Sabaki, michanga, itazaa nikiwa mzee zaidi. Safari hii kadzama nimeitoa, na karatasi nimeandikisha vile vile, maana hapo ulikuwa na haki na sitakunyima haki yako.

Fomu yako nimeirudisha kwenye bahasha yako, haina sahihi. Karatasi kati yako na mimi zimekwisha. Hii ni barua yangu ya mwisho, na zako zikija nitaziweka kwenye bati bila kuzifungua.

Ikiwa unaitaka minazi tisa, njoo Takaungu. Lete mashahidi wawili na kadzama, kama mimi nilivyoleta. Simama mbele ya mti mmoja wenye alama zako, useme kwa mdomo wako ulichokiona Desemba 1971, maneno yale kumi niliyokuomba. Ukimaliza tutaongea bei, nami sitakupunguzia. Usipoweza, jenga sebule yako kuizunguka, nazi zikuangukie juu ya bati.

Mkwezi wangu hupanda Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, na mimi huwapo tangu saa mbili asubuhi. Nitamwambia akuangulie dafu. Usidhani nimekusamehe. Ni kwamba pale siku hizi jua ni kali, hakuna kivuli.

Dada yako,
Kadii